Kilo za Fundi

Mume wangu alikuwa mkaidi tangu nilipomjua, na ugonjwa haukumpunguzia ukaidi hata kidogo. Watu wote walimwita Fundi, na mimi pia, maana ndiye aliyeshona sare za shule, suti za maharusi na mapazia ya ofisi za mtaa mzima mpaka vidole vikaota sugu. Daktari alipotuambia ni saratani ya utumbo, na kwamba atatiwa dawa kwa dripu kila baada ya wiki kadhaa, Fundi aliuliza swali moja tu: "Nywele zitatoka?"

"Nywele zipi, Fundi?" nikamwambia. "Hizo tatu?"

Tukacheka mle ndani mpaka daktari akatushangaa. Lo, tulidhani tunajua cha kuogopa. Kumbe cha kuogopa kilikuwa mizani.

Hospitali ile ina utaratibu wake. Kabla hujaingia ukumbi wa dripu unapitishwa kwenye chumba kidogo chenye mizani. Unavua viatu, unapanda, muuguzi anaisoma namba kwa sauti, na kwa namba hiyo ndiyo daktari anapima dawa utakayotiwa. Mzito ana dawa yake, mwepesi ana yake. Na ukiwa umeshuka mno hupewi kitu. Unarudishwa nyumbani ukale kwanza upate nguvu. Siku yetu ya kwanza tulimwona baba mmoja amerudishwa. Alikuwa amekumbatia mfuko wake wa nguo, anamsihi muuguzi kama mtoto aliyefungiwa nje ya darasa. Fundi alimtazama mpaka yule baba akatokomea nje ya lango.

Tulikabidhiwa kwa binti mmoja wa lishe, mwembamba, mpole, wa umri wa kuwa mjukuu wetu. Akanikalisha, akanifundisha. Nisimpikie sahani kubwa, nimpe kidogo kidogo, mara nyingi. Uji niutie maziwa, karanga za kusaga, yai, na mafuta kijiko. Akilalamika kila kitu kina ladha ya chuma, nitumie kijiko cha mti. Harufu ikimkera, nimpe chakula kikiwa kimepoa. Dawa ya kichefuchefu aimeze kabla, asingoje mpaka tumbo limepinduka.

"Na uzito ukianza kushuka, mama, tuambieni mapema," akasema. "Kuna mpira mwembamba tunaupitisha puani mpaka tumboni, tunamlisha kwa huo. Si adhabu. Wala haimaanishi mpishi ameshindwa."

Nikamshukuru. Nyumbani nikamweleza wifi yangu, dada yake Fundi, aliyekuja kukaa kwetu eti kusaidia. Kusaidia kwake kulikuwa kuketi kwenye kiti cha jikoni na kufunua sufuria zangu moja moja.

"Mpira?" akasema. "Mtu ana mke mwenye mikono miwili, alishwe kwa mpira kama ndama yatima? Mungu apishe mbali."

Neno lilikuwa limeshaingia, na mimi nina kichwa changu. Nikasema moyoni, sawa, tutaona. Nikafunga kanga kiunoni, nikaingia jikoni, na kusema kweli sikutoka tena.

Dripu ya kwanza ilipita salama. Ya pili ilimpiga. Asubuhi anaamka ananusa hewa kama paka aliyesikia mbwa, na kama jikoni kuna kitunguu kinakaangwa anageukia ukutani. Nikaacha vitunguu. Nikaacha samaki. Nikapika supu nikaiacha ipoe mpaka ikawa kama maji ya kuoshea vyombo, nikampelekea. Akaonja, akarudisha kijiko.

"Bibie," akaniambia, "ni kama nalamba sindano."

"Hicho kijiko cha mti, Fundi!"

"Najua. Basi nalamba sindano ya mti."

Alikuwa na utani wake hata hapo. Mimi utani ulikuwa umeniishia. Nikirudi jikoni na kikombe kilichojaa, wifi anakitazama, ananitazama, anashusha pumzi.

"Mgonjwa haulizwi uji, wifi."

"Sijamwuliza. Nimempa. Unataka nimmezee?"

Nyumba yetu kuta zake nyembamba. Kila tulichokisema jikoni, yeye chumbani alikisikia.

Tuliporudi hospitali, mizani ikasema ameshuka, na si kidogo. Muuguzi wa mizani alikuwa mama mtu mzima, mwenye huruma. Akanong'ona, "Mzee, leo utapata, lakini ukishuka tena watakurudisha." Wifi yangu hakunong'ona. Akasimama katikati ya ukumbi, watu wamejaa kwenye mabenchi, akasema kwa sauti ya kutangaza, "Kaka yangu anakonda mikononi mwa mtu. Mimi nilisema na leo nasema, kaka yangu ananyimwa chakula."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Watu wakaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Mimi, niliyekuwa nasaga karanga mpaka mikono inavimba! Binti wa lishe alisikia, akatufuata na kutuambia kwa upole ule ule, kwamba mara nyingi ni dawa na ugonjwa wenyewe, si mpishi, na kwamba tuanze kufikiria ule mpira. Fundi akatikisa kichwa. Alisema, "Bado, binti yangu. Nyumbani ninalishwa vizuri sana." Alisema hivyo akimtazama dada yake.

Wiki ile ndiyo niliyovunjika. Nilimpelekea uji, akaunywa mafunda mawili, yakarudi yote juu ya shuka nililotoka kulifua. Nikapiga kelele. "Kula, Fundi! Unataka waseme nimekuua kwa njaa? Unataka nizomewe barabarani?" Akafumba macho. Nikaenda kusimama nyuma ya mlango wa jikoni, nikalia na kwikwi kama msichana, mdomo nimeuziba kwa kanga, na hata hivyo najua alinisikia.

Siku iliyofuata cherehani ikalia chumbani. Moyo wangu ulirukaruka kwa furaha, maana tangu augue hakuwa ameigusa. Nikachungulia. Ameketi kitandani, cherehani ameivuta karibu, amelipindua koti lake la zamani, lile zito la kijivu, anashughulika na bitana.

"Unashona nini?"

"Bitana imeachia. Hospitali kuna baridi, Bibie, wale wanaweka mashine za baridi kama wanahifadhi nyama."

"Nikusaidie kutia uzi?"

"Tangu lini?" akasema. "Nenda kaangalie uji wako."

Mchana kutwa alishona, anapumzika, anashona tena. Nikaona nafuu inakuja. Mtu anayefanya kazi yake ni mtu anayerudi, ndivyo nilivyojisemea, na nikamwambia wifi vivyo hivyo kwa nyodo kidogo.

Siku ya mizani akalivaa koti. Njia nzima alinishika mkono, na nikamhisi mzito. Nikafurahi! Ngazi za hospitali alizipanda akihema, jasho linamtiririka, nami nikamwambia pole pole mume wangu, hakuna anayetufukuza. Pale chumbani muuguzi akamwambia avue koti. Fundi akaanza kutetemeka, na kutetemeka kwenyewe hakukuwa kwa uongo.

"Mwacheni mzee na koti lake," yule mama akasema. "Nitatoa kilo moja ya koti."

Akapanda. Namba ikasomwa. Hakuwa ameshuka! Kilo zake ziko pale pale, na nusu juu yake. Nilipiga kigelegele ndani ya chumba cha hospitali, kigelegele cha harusini, mpaka wagonjwa wakachungulia. Nikamgeukia wifi yangu. Nilimtazama tu, na yeye akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Njia nzima kurudi nyumbani niliimba.

Mara iliyofuata akawa amepanda tena. Daktari akasema mzee wetu ana mwili wa chuma. Fundi akakohoa.

Sasa msinihukumu. Mnaniuliza, wewe mwanamke unalala naye kitanda kimoja, hukuona? Nilimwona. Usiku mkono wangu ulikuwa ukigusa mbavu. Niliona suruali zake anazipunguza kiuno kila baada ya siku chache, niliona mabega yamechongoka kama kitundika nguo. Nikamwambia, na yeye akanijibu, "Mimi naamini mizani. Ile ni ya hospitali, haina shemeji wala wifi." Nami nikaiamini. Mkono wangu ni wa mpishi tu, mizani ni ya wataalamu. Na nilikuwa nataka sana kuiamini.

Baada ya dripu ile akaanguka. Si anguko la kujikwaa. Alitoka chooni, akashika ukuta, akateremka nao mpaka chini. Mdomo wake ndani ulikuwa vidonda vitupu, hata mate hawezi kumeza, tumbo linaendesha, na mwili unawaka moto. Alikuwa amenyamaza navyo siku hizo zote ili nisijue. Wifi alipiga kelele, majirani wakaja wakambeba. Yeye ndani ya homa ile anasema, "Koti. Nipeni koti langu." Nikamfunika nalo kwenye gari, mikono yangu yenyewe, na nilipoliinua nikashangaa. Lakini nani ana muda wa kushangaa koti?

Chumba cha dharura muuguzi kijana akamvua koti na kulitupa kwenye kiti. Kiti kikapinduka. Kilianguka kwa kishindo, na koti likakita sakafuni kama gunia la mawe. Watu wote wakageuka. Yule muuguzi akaliokota kwa mikono miwili, akalipapasa pindo, akaniangalia mimi.

Walichana bitana mbele yangu. Ndani yake Fundi alikuwa ameshona vijumba vidogo, safu kwa safu, kutoka kwapani mpaka pindoni, mishono midogo iliyonyooka. Kila kijumba kina kipande cha madini ya risasi, vile vipande bapa anavyotia fundi chini ya pazia zito ili litulie lisipeperuke. Kila kimoja amekizungushia kitambaa kisigongane na chenzake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikiusema msemo huo maisha yangu yote kuhusu majirani.

Wakampima upya kwa mizani ya kitanda, amelala, na shuka moja tu. Ile namba sitaitaja. Ni namba ya kijana anayebalehe.

Daktari alinitoa kando. Alikuwa na hasira, na alikuwa akijitahidi isimtoke. Akaniambia, "Mama, tumekuwa tukimtia dawa ya mtu mwingine. Mtu mnene kuliko huyu. Na hilo si baya peke yake. Tungejua anapungua hivi, tungepunguza dawa tangu zamani, tungempa mpira, tungesubiri. Mwili wa mzee mwenye njaa hauwezi kubeba dawa hizi. Sasa damu yake haina askari, kila kijidudu kinaingia kinavyotaka."

"Atapona?"

"Tutapigana na homa kwanza. Homa ikishuka, tumlishe. Uzito ukirudi, uzito wa kweli, tutaanza tena dawa, kwa kipimo chake."

Nikashika hilo "ukirudi" kwa mikono yote miwili.

Niliingia kwake. Koti lilikuwa limekunjwa kwenye meza, limechanwa, vipande vya risasi viko kwenye bakuli la chuma.

"Fundi. Ni nini hiki?"

"Kazi nzuri, sivyo?" akasema kwa shida, midomo imekauka damu. "Hata haikulia."

Nilitamani kumzaba kofi. Naapa kwa Mungu. Mtu yuko kati ya kufa na kupona, na mimi mkono unaniwasha nimzabe kofi, kisha nimkumbatie, kisha nimzabe lingine.

"Ulitaka dawa? Uliogopa kurudishwa kama yule baba?"

"Hilo pia." Akapumzika. "Lakini siku ile namba ilipopanda, ulirudi nyumbani unaimba. Nilikuwa sijakusikia ukiimba tangu nianze kuumwa. Nikasema, basi. Kama tumbo limegoma, vidole bado vinafanya kazi."

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alikuja mpaka kwenye bakuli, akachovya mkono, akachukua kipande kimoja, akakigeuza.

"Dada," Fundi akamwambia, "usimguse huyu. Ulisema nanyimwa chakula. Chakula nilipewa, mimi ndiye niliyekimwaga dirishani. Hili nimelitenda mwenyewe."

Nilisubiri aniombe radhi. Ndiyo, nilisubiri, nilikuwa nimeinua na kidevu kabisa. Alikirudisha kipande ndani ya bakuli taratibu, machozi yanamtoka, akanigeukia.

"Kwa hiyo alikuogopa," akasema. "Mtu mzima, mgonjwa, anamwaga chakula dirishani kama mtoto. Anashona vyuma kwenye nguo. Alikuogopa, wifi. Wewe na sufuria zako."

Akatoka. Nikakishusha kidevu changu.

Binti wa lishe akaja na mpira. Fundi safari hii hakubisha. Binti alimshika mkono, akamwambia ameze mate kila anapousukuma, na yeye akameza na vidonda vyake, machozi yanamchuruzika pembeni, mpaka ukafika. Akautundika mfuko wa maziwa yale maalumu, akaufungua, tone, tone, tone.

"Mbona polepole hivi?" nikamwuliza. "Mtu ana njaa! Mfungulie!"

"Hapana, mama. Mwili uliozoea njaa, ukiujaza ghafla, moyo unaweza kusimama. Tunaanza kwa kidogo mno, kesho tunaongeza kidogo. Huu mwendo ndio wa usalama." Akaniwekea mkono begani. "Wewe leo pumzika. Huna cha kupika."

Nikaketi. Sikujua mikono niiweke wapi. Tangu dripu ya kwanza sikuwa nimeketi karibu naye bila kikombe mkononi. Nilikuwa nimemwona akiwa mdomo tu, mdomo unaofunguka au usiofunguka, na sasa nikamtazama uso. Alikuwa amezeeka sana. Alikuwa na kovu dogo la sindano chini ya kidevu nililolisahau.

"Fundi," nikamwambia, "niambie ukweli. Uliniogopa?"

Huyu bwana mizani aliidanganya, lakini ukimwuliza jambo moja kwa moja hakuwa na uongo. Alifikiri.

"Kidogo," akasema.

"Mimi?"

"Kandambili zako. Nikizisikia zinatoka jikoni, tumbo linafunga mlango na komeo juu yake."

"Si ungeniambia, Fundi! Ungesema tu, mke wangu, leo sitaki. Ningekuacha!"

"Ungelia."

"Nisingelia!" nikasema, na kumbe nalia, kamasi zinanitoka, sauti imepasuka chumba kizima kinasikia.

"Umeona," akasema.

Akacheka kidogo, kicheko kikamuuma, akaacha. Nikaingiza kichwa changu pale ubavuni pake, juu ya mifupa, akaniwekea mkono kichwani, na mkono ule ulikuwa wa moto. Nilimwambia akitoka hapa hatakula kitu mpaka aombe mwenyewe kwa barua. Akasema barua ataishona kwa uzi mwekundu. Tukakaa hivyo. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za ugonjwa ule, siwezi kusema uongo, na ilikuwa moja tu.

Asubuhi homa ikawa imeshuka. Daktari akasema tusifurahi mapema, nami nikafurahi mapema. Binti wa lishe akauongeza mwendo wa maziwa kidogo, kama alivyoahidi, akasema tumbo limeyapokea vizuri, halijarudisha kitu. Halijarudisha kitu! Nikamwambia Fundi, "Umesikia? Tumbo lako limepatana na watu." Akatikisa kichwa, macho yamefumba. Wifi alikuja, akasimama upande wa pili wa kitanda. Akanisogezea kiti cha pili nikaweka miguu. Nikaanza kupiga hesabu ya siku, lini atakaa, lini atasimama juu ya mizani bila koti, mwepesi kama alivyo, halafu mzito kidogo, halafu mzito.

Kabla ya adhuhuri pumzi yake ikabadilika. Ikawa fupi na ya juu juu, kisha homa ikarudi kwa kasi, mwili ukatetemeka kitanda kikalia. Wakaja wengi. Wakatusogeza ukutani, mimi na wifi, akanishika kiwiko na sikumtoa. Wakamtia dawa kwenye mshipa, wakamweka barakoa ya hewa, wakaitana majina ya dawa nisiyoyajua. Kisha mmoja mmoja wakaanza kupunguza haraka yao. Daktari akaweka vidole shingoni kwa Fundi, akavikalisha hapo muda mrefu, akatazama saa ya ukutani, akanigeukia na ule uso wao.

Yule muuguzi kijana alibaki kupanga vitu. Aliondoa barakoa, akanyoosha shuka, akamfumba macho vizuri. Mfuko wa maziwa ulikuwa bado unaning'inia juu, umefika nusu, unadondoka kwa mwendo ule ule wa usalama. Akanyoosha mkono kuufunga.

"Subiri kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Hajamaliza."